Risasi ya Bweha na Risasi ya Swala: Fizikia ya Kuchagua Risasi ya Kuwindia

Swali lenyewe

Katika Marekani ya Kaskazini wawindaji hubishana kila msimu juu ya jambo moja: ni risasi ipi iwezayo kutumika kwa koyote na pia kwa kulungu, ili mtu mwenye bunduki moja asilazimike kununua ya pili? Koyote ni mnyama wa jamii ya mbwa mwenye uzito wa kilo 9 hadi 20 hivi. Kulungu wa nchi zile humzidi mara kadhaa. Risasi imfaayo mmoja haielekei kumfaa mwingine.

Tanzania haina koyote, wala haina kulungu wa jamii ile. Mnyama ambaye Waswahili humwita kulungu, mbawala au pongo ni wa ukoo wa ng'ombe na mbuzi: pembe zake hazina matawi, wala hazianguki na kuota upya kila mwaka. Hata hivyo swali la Wamarekani lina jozi yake kamili katika nyika zinazouzunguka Mlima Meru. Mahali pa koyote yupo bweha mwenye mgongo mweusi, mwenye uzito wa kilo 6 hadi 13, ambaye huwanyemelea wana-mbuzi na wana-kondoo wa wafugaji. Mahali pa kulungu wa Marekani wapo pongo na swala pala, wenye kilo 40 hadi 75 hivi.

Makala haya yanalichukua swali hilo kama somo la fizikia. Madhumuni yake si kumfundisha mwanafunzi kuwinda, bali kumwonesha jinsi kanuni za nishati, momenta na uvutano zinavyofanya kazi pamoja katika jambo moja, na jinsi hesabu iliyofanywa nusu inavyoweza kumwacha mnyama akifa polepole porini, au kumfikisha mtu asiyehusika hospitalini.

Risasi ni kitu gani?

Neno "risasi" katika Kiswahili lina maana tatu, na hapana budi zitenganishwe. Kwanza ni madini mazito na laini, yenye densiti ya gramu 11.3 kwa sentimita moja ya ujazo, yanayoyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Pili ni kitu kizima kinachotiwa ndani ya bunduki. Tatu ni kile kipande cha mbele peke yake kinachoruka hadi kwenye shabaha. Katika makala haya kitu kizima kitaitwa risasi, na kipande kinachoruka kitaitwa kichwa cha risasi.

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki kwenye kitako cha ganda, baruti ndani ya ganda, na kichwa kilichobanwa mdomoni mwa ganda. Kifyatulio kinapovutwa, msumari wa bunduki huipiga fataki. Fataki hutoa cheche, na baruti huungua na kugeuka gesi yenye joto na kanieneo kubwa sana. Gesi hiyo haina njia ya kutokea isipokuwa kukisukuma kichwa mbele kupitia mtutu.

Ndani ya mtutu mna mifereji iliyochongwa kwa kuzunguka. Kichwa hulazimishwa kuifuata, na hivyo hutoka kikizunguka kama pia. Ikiwa mfereji hukamilisha mzunguko mmoja katika milimita 254, na kichwa kinatoka kwa kasi ya mita 900 kwa sekunde, basi mizunguko yake ni 900 ÷ 0.254, yaani zaidi ya 3,500 kwa sekunde. Kama vile pia isivyoanguka inapozunguka kwa nguvu, ndivyo kichwa cha risasi kisivyopinduka hewani.

Majina ya risasi huwatatiza wengi. Tarakimu ya mwanzo huwa ni kipenyo kwa kadiri, katika inchi. Risasi ya .243 Winchester, iliyotolewa mwaka 1955, ina kichwa chenye kipenyo cha inchi 0.243. Mwanafunzi akizidisha kwa 25.4 atapata milimita 6.17. Katika .30-06, tarakimu mbili za mwisho ni za mwaka 1906, jeshi la Marekani lilipoikubali risasi hiyo. Jina basi halielezi nguvu ya risasi, na anayechagua kwa kutazama jina tu anabahatisha.

Nishati na momenta

Nishati ya mwendo ya kitu chochote ni nusu ya tungamo lake ikizidishwa kwa mraba wa kasi yake:

N = ½ × m × v²

Momenta ni tungamo likizidishwa kwa kasi:

M = m × v

Jedwali lifuatalo linaonesha risasi tano zinazojulikana sana. Kasi ni ile ya kichwa kinapotoka mtutuni. Watengenezaji hutofautiana kidogo, kwa hiyo tarakimu zimekadiriwa. Safu ya mwisho ni tungamo likigawanywa kwa eneo la uso wa mbele wa kichwa, na maana yake itaelezwa baadaye.

| Risasi | Kipenyo (mm) | Tungamo (g) | Kasi (m/s) | Nishati (J) | Momenta (kg m/s) | Tungamo kwa eneo (g/mm²) |
|---|---|---|---|---|---|---|
| .22 Long Rifle | 5.7 | 2.6 | 330 | 142 | 0.86 | 0.10 |
| .223 Remington | 5.7 | 3.6 | 980 | 1,729 | 3.53 | 0.14 |
| .243 Winchester | 6.2 | 6.5 | 900 | 2,633 | 5.85 | 0.22 |
| .30-06 Springfield | 7.8 | 11.7 | 820 | 3,934 | 9.59 | 0.24 |
| .375 H&H Magnum | 9.5 | 19.4 | 770 | 5,751 | 14.94 | 0.27 |

Mistari miwili ya kwanza ina funzo kubwa. Vichwa hivi vina kipenyo kilekile, na tungamo la pili halijafikia mara moja na nusu ya la kwanza. Lakini nishati ya pili ni mara kumi na mbili ya ile ya kwanza. Sababu ni ule mraba. Kasi ikiongezwa mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Tungamo likiongezwa mara mbili, nishati huongezeka mara mbili tu. Kwa hiyo watengenezaji wengi hupenda kuongeza kasi, na wanunuzi wengi huamini kwamba kasi ndiyo kila kitu. Imani hiyo haina budi kupimwa.

Mnyama haangushwi kwa kusukumwa

Katika filamu mtu au mnyama akipigwa risasi huonekana akitupwa nyuma kwa kishindo. Hesabu ya momenta yaonesha kwamba jambo hilo haliwezekani. Tuseme kichwa cha .243 chenye momenta ya 5.85 kimeingia katika mwili wa swala pala wa kilo 50 na kubaki humo. Momenta haipotei, kwa hiyo kasi anayoipata swala ni 5.85 ÷ 50, yaani mita 0.12 kwa sekunde. Hiyo ni sentimita 12 kwa sekunde, kasi ya kinyonga kuliko ya ngumi.

Kanuni hiyohiyo hueleza teke la bunduki begani. Bunduki yenye tungamo la kilo 3.5 inapokirusha kichwa hicho, nayo hurudi nyuma kwa momenta iliyo sawa. Tukiiacha kando momenta ya gesi, ambayo huongeza teke, kasi ya bunduki ni 5.85 ÷ 3.5, yaani mita 1.67 kwa sekunde. Nishati yake ni ½ × 3.5 × 1.67², ambayo ni jouli 4.9 tu. Momenta imegawanywa sawa kwa sawa baina ya bunduki na kichwa, lakini nishati imekwenda karibu yote kwa kichwa, kwa sababu ndicho chepesi na chenye mbio. Ndiyo maana mpigaji hubaki na maumivu kidogo ya bega, ilhali kile kilicho mbele ya mtutu hupata jeraha la kuua.

Mnyama basi hufa kwa sababu gani? Hufa kwa sababu kichwa cha risasi kimepasua moyo, mapafu au mishipa mikuu ya damu, na ubongo ukakosa oksijeni. Au kimevunja ubongo wenyewe au uti wa mgongo. Nishati ni uwezo wa kuifanya kazi hiyo ya kupasua. Haina faida ikiwa imetumika mahali pasipostahili. Swala aliyepigwa tumboni kwa risasi yenye jouli 4,000 hukimbia na kufa baada ya saa nyingi katika maumivu. Aliyepigwa mapafuni kwa jouli 1,800 huanguka baada ya hatua chache.

Mfano wa Karamoja

Historia ya Afrika Mashariki ina mfano mashuhuri wa jambo hili. Mwanzoni mwa karne ya ishirini Mskochi aliyeitwa Walter Bell aliwinda ndovu katika Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda, kwa ajili ya pembe. Aliua ndovu zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa risasi ndogo ya milimita 7, wakati wenzake walipokuwa wakibeba bunduki nzito zenye vipenyo vya milimita 11 na kuzidi.

Kichwa cha risasi hiyo kilikuwa na tungamo la gramu 11.2 hivi na kasi ya mita 700 kwa sekunde. Nishati yake ni karibu jouli 2,740, yaani takriban sawa na ya .243 katika jedwali. Iweje basi risasi yenye nguvu ya kumwindia swala ipenye fuvu la ndovu? Jibu limo katika safu ya mwisho ya jedwali. Gramu 11.2 zikigawanywa kwa eneo la uso wa kipenyo cha milimita 7.2, ambalo ni milimita za mraba 40.7, tunapata 0.275. Kiasi hicho ni sawa na cha .375 yenyewe. Kichwa kilikuwa chembamba, kirefu na kizito kwa upana wake. Tena kilifunikwa kwa ganda gumu kisipate kutanuka, kikawa kama msumari mbele ya nyundo. Zaidi ya hayo, Bell alipasua mafuvu ya ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi.

Mafunzo ni mawili. La kwanza ni kwamba uwezo wa kupenya hautokani na nishati peke yake, bali pia na tungamo kwa eneo na jinsi kichwa kilivyoundwa. La pili ni kwamba ustadi wa mtu mmoja hauwezi kuwa kanuni ya watu wote. Mpigaji wa kawaida aliyeiga risasi ile angewaacha nyuma yake ndovu waliojeruhiwa, wenye hasira, kwenye njia za vijiji. Kwa sababu hiyo kanuni za uwindaji nchini Tanzania humtaka anayewinda wanyama hatari kama nyati asitumie risasi iliyo chini ya .375. Sheria huweka akiba kwa ajili ya mkono unaotetemeka. Kuhusu ndovu wenyewe, biashara ile ya pembe iliacha hasara ambayo nchi za Afrika Mashariki zinaihesabu hata leo.

Njia ya risasi hewani

Wengi hudhani kwamba risasi huenda moja kwa moja kwa umbali fulani, kisha ndipo huanza kushuka. Sivyo. Tangu inapotoka mtutuni huanza kuanguka kwa mchapuko wa uvutano, mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde, kama jiwe lililoachiwa mkononi. Ikiwa mtutu umelala sawasawa na ardhi, umbali wa kuanguka ni:

h = ½ × g × t²

ambapo t ni muda wa safari. Tukiupuuza kwanza upinzani wa hewa, kichwa cha .243 kitafika mita 200 baada ya sekunde 0.222, na kitakuwa kimeshuka sentimita 24. Kichwa cha .30-06 kitashuka sentimita 29. Kichwa cha .22 Long Rifle kitatumia sekunde 0.606, na kitashuka mita 1.80, kimo cha mtu mrefu.

Tarakimu hizi zina maana kubwa kwa mnyama. Sehemu ya kifua cha bweha yenye moyo na mapafu ni kama ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Ya swala ni kama sahani ya chakula. Mtu akikosea kukadiria umbali, akadhani mita 100 kumbe ni 200, kosa la .243 laweza kumvunja swala mguu badala ya kumuua. Kosa la .22 ni kubwa mno hata si jambo la kujadiliwa. Hapa ndipo kasi inapokuwa na faida ya kweli: hupunguza muda wa safari, na hivyo hupunguza adhabu ya kukadiria vibaya.

Hewa nayo hukizuia kichwa. Kichwa cha .243 kilichotoka kwa mita 900 kwa sekunde hufika mita 200 kikiwa na mita 750 hivi. Nishati yake imeshuka kutoka jouli 2,633 hadi kama 1,828. Karibu theluthi moja imepotea njiani. Kichwa chepesi hupoteza zaidi kwa uwiano, kwa sababu tungamo lake kwa eneo ni dogo. Tena upepo wa kando hukisukuma kwa urahisi zaidi.

Mwinuko wa mahali pia huhesabiwa. Tengeru iko kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Meru, katika mwinuko wa mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapo densiti ya hewa ni kama kilo 1.09 kwa mita ya ujazo, ilhali pwani, kwa kipimo cha kawaida, ni 1.225. Hewa ya Tengeru ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi. Bunduki iliyorekebishwa shabaha yake Tanga, ikipelekwa nyika za Monduli au Longido, hupiga juu kidogo kwa masafa marefu. Mwenye bunduki sharti aijaribu upya mahali atakapoitumia.

Risasi inapofika

Kuna aina tatu za vichwa zinazohusu somo hili. Ya kwanza ni ya vichwa vyembamba vya ngozi, vinavyovunjika mara vigusapo mwili. Vinafaa kwa mnyama mdogo kama bweha, kwa kuwa nishati yote hutumika katika sentimita chache, na aghalabu hakuna kipande kizito kinachotoka upande wa pili na kuendelea na safari. Kwa swala vichwa hivi ni hatari: hupasuka juu ya bega kabla ya kufika mapafuni, vikaacha donda kubwa lisiloua.

Aina ya pili ni ya vichwa vinavyotanuka kwa kiasi, kama uyoga, bila kuvunjika. Ncha huwa laini, na shina hushikwa na ganda nene la shaba. Hupenya na kupanua njia kwa pamoja, na hivyo ndivyo vinavyomfaa swala. Aina ya tatu ni ya vichwa vigumu visivyotanuka, kama kile cha Bell, ambavyo huwekwa kwa ajili ya wanyama wenye ngozi na mifupa minene. Kichwa cha namna hiyo humpita bweha na kuendelea kama kwamba hakukutana na kitu.

Lipo pia jambo la afya. Kichwa cha madini ya risasi kinapotanuka hutoa chembe ndogo ambazo husambaa katika nyama mbali na tundu, na nyingine hazionekani kwa macho. Madini hayo ni sumu, hasa kwa watoto. Ndege walao mizoga huyameza pia. Jimbo la California nchini Marekani, ambako tumbusi mkubwa wa nchi ile alikaribia kutoweka, lilikamilisha mwaka 2019 katazo la kuwinda kwa vichwa vya madini hayo. Badala yake hutumika vichwa vya shaba tupu. Kwa kuwa densiti ya shaba nyekundu ni 8.9 tu, kichwa cha shaba chenye tungamo lilelile huwa kirefu zaidi, na huhitaji mtutu wenye mifereji inayozunguka upesi zaidi.

Uchaguzi

Sasa swali la mwanzo laweza kujibiwa kwa hatua. Wawindaji wengi wa Marekani hutumia kadirio la jouli 1,350 hivi kuwa kiasi cha chini cha nishati ya kumpiga kulungu, ikipimwa mahali alipo mnyama na si mtutuni. Sheria ya Ujerumani hutaka jouli 1,000 kwa umbali wa mita 100 kwa paa mdogo wa nchi ile, na jouli 2,000 pamoja na kipenyo cha milimita 6.5 kwa wanyama wakubwa zaidi. Tofauti hizi zenyewe zaonesha kwamba hiki si kipimo cha maumbile bali ni maafikiano ya watu wenye uangalifu.

Kwa vipimo hivyo, .22 Long Rifle yatolewa mara moja: jouli 142 hazimtoshi swala, na kwa bweha zatosha kwa masafa mafupi mno. Risasi ya .223 yamfaa bweha vyema, lakini kwa swala iko ukingoni. Nishati yake hupungua upesi njiani, na vichwa vyake vingi vimeundwa vivunjike. Risasi ya .30-06 yamtosha swala na hata wanyama wakubwa kuliko yeye. Kwa bweha imezidi kiasi: hurudisha teke la jouli 13 badala ya 5, na wapigaji wengi, hasa wageni, hufumba macho na kuvuta kifyatulio kwa woga wa teke hilo.

Inabaki .243. Kwa kichwa chepesi chenye gramu 4 hadi 5 ni risasi ya bweha. Kwa kichwa cha gramu 6.5 kinachotanuka kwa kiasi ni risasi ya swala, nayo humfikia kwenye mita 200 ikiwa bado na jouli 1,800. Kwa bunduki moja na wanyama wawili, risasi za milimita 6 hivi ndizo jibu la fizikia. Lakini izingatiwe kwamba jibu hilo lina masharti: kichwa kibadilishwe kulingana na mnyama, shabaha irekebishwe upya kila kichwa kinapobadilishwa, na umbali usizidi ule ambao mpigaji ameuzoea. Kwa sheria ya Ujerumani iliyotajwa, risasi hiyohiyo haikubaliwi kwa wanyama wakubwa, maana haikufikia milimita 6.5.

Tengeru: mahali pa kutofyatua

Hesabu moja bado, nayo ndiyo iliyo nzito kuliko zote. Kichwa cha risasi ya namna hii kikikosa shabaha na kuelekea juu kidogo, huweza kwenda zaidi ya kilomita 3 kabla ya kutua. Mwanafunzi wa Tengeru achukue ramani na bikari, achore duara la kilomita 3 kuanzia soko linalojaa watu Jumatano na Jumamosi. Ndani ya duara hilo atakuta barabara kuu ya Arusha na Moshi, mashamba ya kahawa na migomba, nyumba zilizofichwa na migomba hiyo, shule na vyuo, na Ziwa Duluti pamoja na msitu wake. Hakuna upande mmoja ulio mtupu. Migomba huzuia macho, haizuii risasi.

Upande wa kaskazini-mashariki iko Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960, ambamo uwindaji umekatazwa kabisa. Nje ya hifadhi, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 humtaka kila mwindaji awe na leseni, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 husimamia umiliki wa bunduki yenyewe. Taifa limewahi hata kusimamisha uwindaji wote: ulipigwa marufuku mwaka 1973, ukafunguliwa tena mwaka 1978 chini ya shirika la umma la TAWICO.

Kwa mkulima wa Tengeru anayepoteza kuku au wana-mbuzi kwa bweha, basi, hakuna risasi iliyo sahihi. Dawa yake ni banda lililofungwa vizuri usiku, boma lisilo na tundu chini, mizoga na takataka za machinjio kufukiwa, na taarifa kwa afisa wanyamapori. Bweha anayetangatanga mchana bila woga asisogelewe wala asiguswe, kwa kuwa huenda ana kichaa cha mbwa. Fizikia imejibu swali la risasi, na fizikia hiyohiyo imeonesha mahali ambapo swali hilo halipasi kuulizwa.

Jaribio la darasani

Jaribio hili halihitaji silaha. Zitafutwe goroli mbili zilizo sawa, meza yenye kimo cha mita 0.8 na kipande cha ubao kiwe mteremko. Goroli moja iteremshwe kwenye ubao ili itoke ukingoni mwa meza kwa kasi. Ya pili iachiwe ukingoni wakati uleule, ianguke wima. Wanafunzi wafumbe macho na kusikiliza: goroli zote mbili zitagonga sakafu kwa mlio mmoja. Kwa hesabu, muda wa kila moja ni sekunde 0.40. Mteremko ukiongezwa, goroli ya kwanza itafika mbali zaidi, lakini muda hautabadilika. Ndivyo ilivyo kwa risasi.

Maswali

1. Kichwa cha risasi kina tungamo la gramu 4.5 na kasi ya mita 1,000 kwa sekunde. Tafuta nishati na momenta yake.
2. Kichwa cha .30-06 kinabaki mwilini mwa swala wa kilo 60 aliyesimama. Swala anapata kasi gani?
3. Upinzani wa hewa ukipuuzwa, kichwa chenye kasi ya mita 820 kwa sekunde kitakuwa kimeshuka kiasi gani kwenye mita 150?
4. Eleza kwa nini risasi ya Bell na ile ya .243, zenye nishati inayokaribiana, zilikuwa na uwezo tofauti wa kupenya.
5. Jadili: je, sheria iweke kiwango cha chini cha risasi kwa kipenyo, kwa nishati, au kwa vyote viwili?

Majibu ya hesabu: (1) Jouli 2,250; momenta 4.5 kg m/s. (2) Mita 0.16 kwa sekunde. (3) Sentimita 16.